Harambee ya Boti Letu la Ndau: Safari Hii Ubao Utolewe

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa wazee wetu, mama zetu, vijana na watoto wa kisiwa chetu cha Ndau popote mlipo: Amu (Lamu mjini), Malindi, Mombasa, Nairobi, na nyinyi mlioko Oman, Saudia na Imarati. Kwa majirani wa Kizingitini, Faza, Siyu na Kiwayu ambao boti hili limewabeba, kwa nauli na bila nauli. Na kwa kila mwenye moyo wa kheri atakayefikiwa na maneno haya.

Tunaandika kwa haya. Paa la madrasa mlituezekea juzi tu, na bado kuna waliotoa wakati ule ambao hatujawashukuru ipasavyo. Kurudi kubisha hodi kwa watu wale wale si jambo jepesi, na kwenye kikao wako waliosema tungoje kwanza. Lakini boti liko juu mchangani limelala ubavu, na tangu lipande, mgonjwa wa Ndau anayetaka kufika Faza au Hospitali ya King Fahd pale Amu hutegemea huruma ya mwenye mashua ya uvuvi. Mwenye mashua naye ana nyavu zake, ana watoto wake, na maji hayamngoji.

Boti lenyewe mnalijua. Ni la mbao, lililovikwa faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya rezini) juu yake baadaye, na umri wake unawapita vijana wengi wanaolipanda. Tulilinunua likiwa limeshatumika, kwa harambee kama hii. Wavuvi wa kamba waliacha mapato ya bamvua zima (siku za maji kujaa na kutoka sana), akina mama wakauza mikeka, na wazee wawili, Mungu awarehemu, walitoa mbuzi mmoja mmoja ingawa hawakuwa na wengi. Tangu siku hiyo limekuwa ambulansi, basi la skuli, gari la maji na, tusifichane, gari la saruji pia. Kiangazi kikikaza na majabia yakikauka, madumu ya maji huja nalo. Muhula ukifunguliwa, watoto wa bweni huvuka nalo na masanduku yao na magodoro. Maiti nalo limebeba.

Ufa ulianza Mkanda. Kila anayepita mkondo ule baina ya Manda na bara anajua kwamba maji yakitoka hakuna ujanja, unangoja yajae katikati ya mikoko. Siku ile liliparama likiwa na mzigo, likakaa juu ya mwamba, na lilipoinuka maji yalipojaa, ubavu wa kushoto karibu na mkuku, uti wa chini wa chombo, ulikuwa na mstari mwembamba ambao mtu angedhani ni mkwaruzo wa rangi.

Sasa, kila tuliyemweleza habari hii ametujibu kwa methali ya ufa na ukuta. Tunaomba mtusamehe hiyo. Ufa tuliuziba. Ukaziba, ukafunguka, ukazibwa tena kwa faiba na rezini ya kawaida, kwa pesa iliyokuwepo na kwa haraka, kwa sababu watu walikuwa wanangoja kuvuka. Na huko kuziba ndiko kulikotufikisha hapa. Maji yaliyokwisha kuingia baina ya faiba na ubao hayakupata pa kutokea. Yalifungiwa ndani. Ubao ukavimba, ukaisukuma faiba, faiba ikaachana nao, na nyuma ya kiraka kizuri chenye rangi ya samawati ubao ukaendelea kuoza polepole. Ni sawa na kupaka chokaa ukuta wenye mchwa.

Safari hii tumemleta fundi kutoka Matondoni, mtu aliyekulia kwenye kazi ya vyombo na anayejua mbao na faiba zote mbili. Hakuutazama ufa kwanza. Alichukua nyundo ndogo, akaanza kugonga kwa mpini wake kuanzia omo, mbele, kuja tezi, nyuma, sikio karibu na ubavu. Penye uzima palilia kavu, ta, ta. Penye kuachana palilia pu, kama mtu anayegonga godoro. Kila palipolia hivyo alitia alama ya chaki. Ufa una urefu wa shibiri tatu. Alama za chaki zilipomalizika zilikuwa zimekwenda zaidi ya dhiraa tatu, zikashuka mpaka kwenye mkuku. Kisha akabonyeza kwa dole gumba pembeni ya kiraka, yakatoka maji ya rangi ya chai ya rangi, yakanuka. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama pale alisema astaghfirullah akaondoka.

Anachotaka kufanya ni hiki, na tunakieleza kwa urefu kwa sababu wapo watakaouliza kwa nini hatubandiki tena tukaokoa pesa. Faiba yote ya eneo lile ivuliwe. Mbao zilizooza zikatwe mpaka kwenye mbao nzima, na mataruma (mbavu za chombo) manne yaliyolainika yabadilishwe. Taruma la chombo huku kwetu ni mlilana, aina ya mkoko, na mikoko haikatwi ovyo, kwa hiyo tutanunua kwa mkataji mwenye leseni ya watu wa misitu, KFS. Baada ya hapo boti likauke, na hapa hakuna njia ya mkato: faiba ikivikwa juu ya ubao wenye unyevu tunarudi tulikotoka. Kingo za faiba ya zamani zitasagwa kwa mshazari mrefu ili mpya iishike juu ya upana, isikutane nayo kichwa kwa kichwa. Halafu ndipo tabaka zipangwe, moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa pana kuliko iliyo chini yake.

Kikao kilichokuwa kirefu zaidi kilihusu rezini. Ile ya kawaida ni rahisi na iko Mombasa madukani tele, lakini haiung'ang'anii ubao. Baada ya misimu michache ya kuvimba na kunywea huachia. Epoksi, rezini ya aina nyingine, ni ghali kwa mara kadhaa, ila inashika ubao na inashika faiba ya zamani vilevile. Na ukitumia epoksi, huchukui ile mati ya nyuzi zilizokatwakatwa, kwa kuwa gundi inayozishikilia nyuzi zile imetengenezwa iyeyuke kwenye rezini ya kawaida. Unachukua kitambaa cha faiba kilichofumwa. Kwa hiyo gharama inapanda kwa rezini, ikapanda tena kwa kitambaa. Walioona ni israfu walisema, walioona ni lazima walisema, na tukakubaliana epoksi. Mwenye kuona tumekosea aje tuzungumze, lakini aje na mchango mkononi.

Kuna usiku mmoja wa kusi ambao ndio uliokata shauri la kulipandisha boti. Mama mjamzito alishikwa na uchungu baada ya swala ya isha, wa mimba ya kwanza, na mkunga akasema hili si la kungoja asubuhi. Walitoka watu sita kwenda Faza. Walipofika kwenye maji makubwa kiraka kiliachia. Mabaharia wawili walifua maji kwa vidumu vya lita tano vilivyokatwa vichwa, bila kupumzika, na bado maji yalipanda juu ya mbao za sakafu mpaka tangi la petroli likaanza kuelea na kugongagonga miguu ya watu. Baharia mmoja alilibana kwa magoti ili mpira usichomoke kwenye mashini, huku akiendelea kufua. Mavyaa wa yule mama alikaa kwenye maji, akampakata mkwewe ili yeye asilowe.

Walifika, alhamdulillahi, na mtoto alizaliwa salama. Jina lake hatulitaji, kwani mamake hataki mwanawe ageuzwe tangazo, na ana haki. Ametukubalia tuseme hili moja tu: kwamba kanga zote alizomwekea mtoto zililowa maji ya bahari na petroli, na mtoto akafungwa nguo ya muuguzi.

Tuje kwenye hesabu. Epoksi kilo 30 mpaka kufika Mokowe, gati ya bara, ni shilingi 54,000. Kitambaa cha faiba, 28,000. Mbao za mvule pamoja na mataruma ya mlilana, 80,000. Ufundi, kwa fundi na wasaidizi wake wawili, 110,000, na chini ya hapo hakushuka ingawa tulimbembeleza kwa kahawa na halua. Jenereta ya kukodi, petroli yake, misasa, glavu, barakoa za vumbi na rangi ya chini ya maji, yote 66,000. Chakula cha vijana watakaolisukuma kurudi majini, 12,000, na hao tunawajua, hiyo haitatosha. Jumla ni shilingi 350,000. Mkononi tuna 92,500, zilizotokana na nauli iliyowekwa akiba na michango ya nyumba kwa nyumba hapa Ndau. Zinazotafutwa ni 257,500.

Kuhusu boti jipya. Tumeahidiwa, na tumeahidiwa na zaidi ya mheshimiwa mmoja, kwa vipaza sauti. Hatuwatukani na hatuikatai ahadi. Boti jipya likija tutalipokea kwa vigelegele na hili la zamani litakwenda kubeba maji. Ila mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kuambiwa asubiri bajeti.

Na sasa maneno ya ndani, ya sisi kwa sisi. Tunafahamu kwamba maisha Mombasa ni magumu na kwamba Uarabuni pesa haiokotwi. Tunafahamu pia kwamba arusi za watu wa Ndau zilizofanywa mwaka huu, Mungu azibariki ndoa zile, watu walitunza, wakavaa, wakakodi viti na muziki na kupiga picha nyingi, na picha tumeziona. Kutoa ni moyo. Mioyo yenu tunaijua, tumeiona ikitoa. Wako wanaopanda boti hili kila wakija likizo, wakashuka kwa salamu nyingi na nauli wakasema "nitamwona nahodha kesho". Nahodha hana daftari la madeni na hatakuja kudai. Lakini kesho imefika.

Hatusahau wema. Faza ilipoungua mwaka 2009, visiwa vyote hivi vilipakia vyakula na nguo kwenye vyombo bila kuulizana nani wa wapi. Na kazi yenyewe si ya kutushinda: Lamu hii hii ndiyo iliyojenga Flipflopi, jahazi la taka za plastiki, likasafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019 na dunia ikatazama. Watu wa visiwa vilivyoziundia taka mkuku washindwe na mbao za ubavu mmoja?

Anayetaka kutoa vitu badala ya pesa, karibu. Tunahitaji glavu, misasa, na turubai kubwa la kulifunika boti dhidi ya manyunyu ya usiku wakati linakauka. Asiye na pesa wala kitu aje na mikono; kuisugua faiba ya zamani ni kazi ya wengi, ila avae barakoa na shati la mikono mirefu, kwani vumbi lile linawasha siku nzima. Wanafunzi wa madrasa wameshajitolea kufagia. Tumewaambia wakae mbali.

Michango inapokewa na mweka hazina wa kamati ya boti hapa kijijini. Walioko mbali watume kwa M-Pesa kupitia mwanakamati wa mji wao, ambaye kila mmoja wenu anamjua, na wamwombe jina liandikwe papo hapo. Asiyetaka jina lake litajwe litaandikwa "mja wa Mungu". Kila senti itaandikwa, risiti zitabandikwa kwenye ubao wa msikiti, na hesabu itasomwa baada ya swala ya Ijumaa mpaka kazi iishe. Kikibaki chochote kitanunua mpira mpya wa petroli.

Muda haupo mwingi. Boti tulilipandisha kwa bamvua la mwezi mpevu ili likae juu, maji ya kila siku yasilifikie. Masika yamekwisha, demani imeingia, jua ni kali na upepo ni mkavu; hakuna wakati bora wa kukausha ubao. Fundi ana chombo kingine kinachomngoja Matondoni, na ametupa mpaka mwezi uandame. Akipata nusu ya pesa ya ufundi na mbao zikiwa zimefika, anaanza kuvua faiba. Asipopata, anaondoka, na kumrudisha ni baada ya kaskazi kuanza, wakati kila mwenye jahazi anamtaka.

Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na ya kwanza ni sadaka yenye kuendelea. Kila atakayevuka salama kwenye ubao ulioununua wewe, malipo yako yapo kwa Mola wako.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Boti, Ndau

Nyongeza: mwenye jeki ya kuinulia ambayo haitumii, tafadhali atujulishe leo. Ya kwetu imekwama.