Risala ya klabu ya fizikia kwa mgeni rasmi: mzani wa kupimia chembe

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi mliofika, shikamooni, na wanafunzi wenzetu mambo vipi. Sisi klabu ya fizikia tumepewa dakika 5 tu na mwalimu wa zamu yupo hapo anaangalia saa, kwahiyo tunaingia moja kwa moja.

Mheshimiwa, hicho kiboksi cheusi hapo mezani kwako, ambacho watu toka asubuhi wanauliza ni redio au ni bomu, ni protataipu, yaani kifaa cha majaribio, ya ditekta ya kupima nishati ya chembe, hizi ndogo kuliko atomi. Chembe huwezi ukaiweka kwenye mzani kama sukari, inapita kwa kasi inayokaribia ya mwanga, ukitaka kujua imebeba nishati kiasi gani inabidi uisimamishe, na ukishaisimamisha ndo imeisha hivyo. Yaani ni mzani unaokula mzigo. Wenyewe wanauita kalorimita. Elektroni ikigonga madini ya risasi inatoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, fotoni nayo inapasuka inakuwa elektroni na positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, nazo zinatoa fotoni zingine, wanazaana hivyo hivyo mpaka nguvu inawaishia, na wewe kazi yako ni kukusanya mwanga uliobaki njiani, ukijua mwanga ni kiasi gani umejua na mzigo.

Kule CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ditekta ya CMS ilijengwa na fuwele 75,848 za tungsteti ya risasi, zile za katikati zina urefu wa sentimita 23 na uzito kama kilo moja na nusu kila moja, unaona ng'ambo kama glasi ila ukiibeba mkono unashuka. Lakini hakuna anayeamka tu asubuhi akajenga kitu cha hivyo. Kwanza unatengeneza kidogo, unakipeleka kwenye mwali, yaani mkondo, wa chembe ambazo nishati yake unaijua tayari, unaona kama kinasoma kweli au kinakudanganya. Kundi la watafiti linaitwa CALICE mwaka 2018 walipeleka yao hapo CERN, safu 38, katikati ya mabamba ya chuma wamepanga vigae vya plastiki vya sentimita 3 kwa 3, karibu 22,000, kila kigae na sensa yake ya silikoni. Na hiyo yote bado ni protataipu jamani.

Sisi tuna kigae kimoja. Ni plastiki ya sintileta, sentimita 5 kwa 5, unene sentimita 1, chembe ikipita inatoa kimwanga, sensa inakiona, Arduino, kompyuta ndogo ya kwenye bodi, inahesabu. Mchoro tuliupata bure, wa mradi wa CosmicWatch ulioanzia MIT, chuo cha Marekani. Siku ya kwanza tulipowasha kaunta ilikimbia kama mita ya teksi, tukapiga makofi, kuna mtu alishaanza kugawa nani ataenda kupokea Nobel, kumbe selotepu nyeusi ilikuwa na kitundu kama ncha ya sindano na tulikuwa tunapima jua.

Tukaziba. Ikatulia, ila mchana inasoma kidogo kuliko asubuhi, kila siku. Tuligombana wiki nzima hapo. Aliyeokoa jahazi ni binti mmoja wa kidato cha tano, yeye alikuwa anaandika joto la chumba kila saa bila kuambiwa, akatuonyesha daftari: maabara yetu ni ya bati, na sensa hizi zikipata joto zinapunguza nguvu ya kusoma. Hata wale CALICE wameweka sensa za joto ndani na volteji inajirekebisha yenyewe, sisi tunarekebisha kwa mkono.

Sasa utauliza, mzani umethibitishwa na jiwe gani? Mwenye duka la nafaka ana jiwe lake la kilo, la kwetu linadondoka toka juu bure. Kuna chembe zinaitwa muoni, zinatoka angani, kama moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika, na hata sasa hivi zinakupita mheshimiwa. Kila sentimita ya plastiki zinaacha nishati ileile karibu, kama MeV 2 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe), kwahiyo tunajua kigae kinatakiwa kusoma nini.

Shida yetu ni kwamba kigae kimoja hakisimamishi kitu, kinaona mpita njia tu. Tunataka safu 6. Fundi wa mageti hapo senta ameshatupa vipande vya bamba, zimebaki sensa na sintileta, na mzigo wa pili ulikwama kwenye ofisi moja mwezi mzima sababu kwenye fomu tuliandika "ditekta ya mionzi", hapo kosa letu pia lipo. Tunaomba utusaidie sensa 5, na barua yenye mhuri mzigo ukija. Tukimaliza tunataka tushiriki shindano la CERN la sekondari lililoanza 2014, wanaoshinda wanapewa mwali wa kweli wafanye jaribio lao.

Mheshimiwa, tulipoanza kusoma katibu aliweka kaunta sifuri. Kigae kina sentimita 25 za mraba, dakika 5, iwe kama 125 hivi. Tunaomba uisome mwenyewe kwa sauti, na ikizidi sana usitucheke, itakuwa selotepu imeachia tena.

Tunaomba kuwasilisha.