Barua kwa mwanangu anayekwenda Leeds, Uingereza

Mwanangu Rehema,

Kiingereza chako hakina kasoro, natamba nacho mtaa mzima. Kinachonikosesha usingizi ni hiyo "salama" yako hata macho yakiwa yamevimba. Ni malezi yetu, najua. Ila kule usiposema, hakuna wa kukusoma usoni.

Ukiambiwa "You alright?" mlangoni, hiyo ni salamu tu, jibu "Yeah, you?" upite. Kwa daktari ni habari nyingine. Usimpelekee "moyo unaniuma" neno kwa neno: ukisema "my heart hurts" atakupima moyo. Ukisema "I'm tired" ukanyamaza, atatoa damu aangalie upungufu wa damu na tezi ya shingo, nawe utarudi chumbani na huzuni yako. Sema "I've been feeling low", au "down", kisha eleza tangu lini, unalalaje, unakula nini. "Under the weather" ni mafua na mwili kulegea, haikufai. "Gutted" ni ya kufeli mtihani au timu kufungwa. "Fed up" ina hasira ndani. "Blue" wataielewa, lakini inanukia nyimbo.

Huenda akakupa fomu ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu ni 0 hadi 3. La pili lina maneno "down, depressed, or hopeless". Hilo la mwisho ndilo kukata tamaa. Usijaze 0 kwa aibu, maana hiyo ni "salama" ileile kwa tarakimu, na wao wataiamini. La 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Lijibu kweli, wala usiniwazie mimi.

Jiandikishe kwa daktari wa mtaa, wanamwita GP, wiki ya kwanza ukiwa bado mzima. Ni bure. Ukizidiwa usiku piga 111, simu ya afya ya kule, uchague 2, ya msaada wa afya ya akili. Samaritans, watu wa kumsikiliza mwenye dhiki kwa simu, wako 116 123, saa 24, bure pia. Desemba jua linazama kabla ya saa 10 alasiri, kwa hiyo tembea mchana, usijifungie na vitabu kama kawaida yako.

Jumapili nikipiga, usianze na "salama".

Shangazi analeta korosho, zifunge mbali na nguo. Fundi wa bati hajarudi, na jiko linavuja upande wa kuni. Ufunguo wa kabati la vyeti mwachie Juma. Safari iliyopita uliondoka nao.

Mama yako