Mjadala wa Jumamosi: watoto wa Laos

Ndugu wanakikundi, salaam. Jumamosi tutazungumzia Laos, nchi ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kati ya 1964 na 1973, Marekani iliangusha huko zaidi ya tani milioni 2 za mabomu, katika vita vilivyofichwa hata kwa wananchi wa Marekani yenyewe. Mengi yalitawanya vibomu vidogo, na mamilioni ya vibomu hivyo havikulipuka. Vingi vina umbo la mpira, na watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya vita huviokota wakidhani ni vya kuchezea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wakulima nao huvigonga kwa jembe.

Tafadhali msiweke picha za majeruhi humu. Wale ni watoto wa watu. Njooni na maswali, hasa hili: nani anapaswa kugharamia kuvitegua?