Kilo 363 si kipimo cha Ronnie Coleman

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mtunisha misuli Ronnie Coleman imemweleza vizuri kijana wa Louisiana aliyesomea uhasibu, akawa askari polisi mjini Arlington, Texas, kisha akatwaa taji la Mr. Olympia, shindano kuu la watunisha misuli duniani, mara 8 mfululizo, 1998 hadi 2005. Kinachonisikitisha ni jinsi mlivyozikuza zile pauni 800 (kilo 363) alizochuchumaa nazo mara 2. Kijana akisoma hivyo, anakwenda jimu kupakia vyuma.

Coleman alijijenga zaidi kwa seti (mafungu ya marudio yasiyokatizwa) za marudio 10 hadi 12, kila sehemu ya mwili mara 2 kwa wiki, miaka nenda miaka rudi. Hilo ndilo la kuigwa.

Anayeanza kuchuchumaa na chuma begani apashe mwili kwa chuma kitupu cha kilo 20, kisha nusu ya uzito wa kazi, kisha robo tatu. Uzito wa kazi ni ule unaomwacha na nguvu ya marudio 2 zaidi. Avute pumzi na kukaza tumbo kabla ya kushuka, aitoe akishapita sehemu ngumu ya kupanda. Afanye seti 3; zote zikifika marudio 12 bila magoti kuingia ndani wala kiuno kupinda, ndipo aongeze kilo 2.5. Wengi huongeza kilo 10, na kiuno ndicho hulipa: kikipinda chini kabisa, mzigo huzielemea diski za uti wa mgongo. Mara nyingi chanzo ni vifundo vya miguu vilivyokaza. Aweke sahani nyembamba ya chuma (ile ya uzito) chini ya visigino, au aishie pale kiuno kinapoanza kupinda.

Mngemtaja pia Lee Haney, mwenye mataji 8 vilevile, 1984 hadi 1991. Yeye alifundisha kwamba msuli huchochewa, haubomolewi, akastaafu akiwa bado bingwa. Coleman amepasuliwa mgongo na nyonga mara nyingi, na hutembea kwa magongo. Simlaumu, ujasiri wake naustahi sana. Ila msomaji wa miaka 17 anastahili kuyajua yote mawili, ushindi na gharama yake, katika ukurasa uleule.

Mkirudia habari hii, naomba mchapishe ratiba yake ya wiki badala ya picha ya chuma kilichopinda.

Mkufunzi wa mazoezi ya vyuma