Damu 12 ya Mbeya si damu 12 ya Dar es Salaam

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kizunguzungu na uchovu ambao wanawake wengi wa huku Nyanda za Juu Kusini tunaishi nao, huku tukiambiwa kwamba damu yetu iko sawa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Uyole, Mbeya. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiinuka kitini naona darasa linazunguka, nashika meza mpaka litulie. Nikipanda kilima kidogo tu moyo unanienda mbio hadi nausikia masikioni. Jioni sina nguvu hata ya kusonga ugali. Majirani walisema ni presha ya kushuka, nilambe chumvi. Kwenye zahanati moja nikapimwa wingi wa damu, ikasomeka 12.3. Nikaambiwa nimevuka 12, sina upungufu, labda nina mawazo mengi.

Hiyo 12 ndiyo iliyonifanya niandike. Ni kweli Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 12 za hemoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, kwa desilita, na mjamzito chini ya 11 (10.5 katika miezi mitatu ya kati). Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari. Sisi wa milimani tunavuta hewa nyepesi yenye oksijeni kidogo, na mwili hujibu kwa kutengeneza damu zaidi. Kwa hiyo shirika hilohilo linaelekeza kwamba mpaka upandishwe kadiri mtu anavyoishi juu. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700, na katika mwongozo wa mwaka 2024 nyongeza kwa miinuko ya namna hiyo ni zaidi kidogo ya gramu 1. Maana yake mwanamke wa Uyole anapaswa kupimwa kwa mpaka wa 13, na wa Makete, ambako vijiji vingi viko juu ya mita 2,000, kwa zaidi ya hapo. Wangapi wetu tumerudishwa nyumbani na 12.3 zetu?

Na hata hiyo hemoglobini haisemi yote. Mwili hutengeneza hemoglobini kwa madini chuma, na una akiba yake kwenye ini na kwingineko, na mahitaji yakizidi huanza kuchota humo, sawa na kaya inayokula mahindi ya ghalani wakati shambani hakuna kitu. Nje huwezi kujua, maana kila siku ugali unapikwa. Akiba hiyo hupimwa kwa kipimo kingine kiitwacho feritini. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, ikiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita, ghala ni tupu. Yangu, nilipofanikiwa kupimwa katika hospitali kubwa kwa pesa yangu mwenyewe, ilikuwa 8. Daktari aliniuliza kuhusu hedhi, ambayo kwangu ni nzito, akaniuliza na kama ninakula udongo. Nilishangaa alijuaje. Hamu ya kula udongo, ile pemba inayouzwa sokoni, ni dalili inayojulikana ya kupungukiwa madini chuma, pamoja na kucha kukatika na nywele kunyonyoka.

Kuna jambo jingine la kwetu kabisa. Rungwe na Mufindi tunalima chai, na tunainywa pamoja na chakula asubuhi na jioni. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na maharage au mboga za majani huzuia zaidi ya nusu ya madini chuma yasifyonzwe. Sisemi tuiache, wengi wetu huku tunaishi kwa chai. Tuipishe na chakula kwa saa moja au zaidi, na vidonge vya kuongeza damu tusivimeze kwa chai kamwe, tuvimeze na maji au juisi ya machungwa. Maharage tunayo ya kutosha, Njano Uyole imetoka kituo cha utafiti cha hapahapa. Ukiyapika na usipa kidogo, wale dagaa wa Kyela, au ukala na chungwa, mwili hupata zaidi.

Niongeze kwamba vidonge hivyo hugeuza choo kuwa cheusi na huleta kichefuchefu, ndiyo maana wengi huviacha wiki ya pili. Kizunguzungu kikiisha pia tunaviacha, ilhali kujaza akiba huchukua miezi. Wanaume na wazee wasivinunue tu dukani. Wao wakipungukiwa madini chuma mara nyingi kuna mahali wanavuja damu, pengine vidonda vya tumbo, au wana minyoo ya safura, na chanzo hicho lazima kitafutwe.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Wajawazito hupewa vidonge kliniki, na hilo ni jema sana. Mwanamke asiye mjamzito na msichana wa sekondari anayeanguka mstarini asubuhi hawana kliniki yao. Kwa wasichana hao ndipo huruma yangu ilipo zaidi, kwa sababu shuleni huitwa wavivu.

Naomba waganga wakuu wa mikoa ya Mbeya, Njombe, Iringa na Songwe watujibu kupitia ukurasa huu mambo mawili: kama zahanati zetu zinatumia mpaka unaozingatia mwinuko, na kipimo cha feritini kinapatikana hospitali zipi na kwa bei gani.

Mwalimu,
Uyole, Mbeya