Pensheni yetu inatosha Ureno leo. Na 2028 je?

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzetu.

Tuko wawili, mume na mke, tumestaafu, hatuna pasipoti ya nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, na tunataka kuhamia Ureno. Pensheni ni mbili: moja euro 980 kwa mwezi, ya pili euro 480, jumla 1,460. Akiba ni euro 42,000, na baada ya hapo hakuna kingine. Uzuri wa Ureno hatuna haja ya kuusikia tena, umeshasifiwa na kila mtu. Tunaomba jicho la mtu mwingine kwenye hesabu ambayo leo inakubali na miaka miwili baadaye inakataa.

Viza ya mstaafu huko inaitwa D7, ni ya mtu mwenye kipato kisichotokana na ajira: pensheni, pango la nyumba, gawio la hisa. Kipimo chake ni kima cha chini cha mshahara wa Ureno. Mwombaji mkuu awe na kiasi hicho kizima kila mwezi, mwenzi aongeze nusu yake, na mtoto anayetegemea asilimia 30. Mwaka 2026 kima cha chini ni euro 920. Kwa hiyo sisi tunadaiwa 920 na 460, yaani 1,380, na tunapita kwa euro 80.

Sasa angalia mbele. Oktoba 2024 serikali ya Ureno ilikubaliana na waajiri na shirikisho la wafanyakazi la UGT kwamba kima hicho kipande kwa euro 50 kila mwaka hadi kifike 1,020 mwaka 2028. Mwaka 2027 kikiwa 970, wawili tunatakiwa 1,455, tunabaki na euro tano mkononi. Mwaka 2028 kikiwa 1,020, tunatakiwa 1,530, na tumepungukiwa 70. Kibali cha kwanza cha ukaazi ni cha miaka miwili, na kukihuisha kunadai tena uthibitisho wa kipato. Ukiomba 2026, kadi ya kwanza inakwisha hapohapo penye shimo.

Na pensheni zetu hazilipwi kwa euro. Sarafu yake ikishuka asilimia 5 tu dhidi ya euro, 1,460 inakuwa 1,387, na ile nafasi ya euro 80 inabaki saba. Ubalozi hauangalii wastani wa miaka kumi. Unaangalia taarifa za benki za miezi ya karibuni. Mwezi mmoja mbaya wa ubadilishaji fedha unatosha kuleta swali.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusiende kwingine. Tumepita huko kwa kalamu. Hispania wanadai asilimia 400 ya IPREM, kipimo chao rasmi cha kipato, ambacho ni euro 600 kwa mwezi, yaani 2,400 kwa mwombaji na 600 zaidi kwa mwenzi. Ugiriki walipandisha kiwango hadi euro 3,500 kwa mwezi mwaka 2024, na mwenzi anaongeza asilimia 20. Italia inataka zaidi ya euro 31,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Zile habari tamu za kodi ya asilimia 7 kwa wastaafu wageni Ugiriki na kusini mwa Italia ni za kweli, ila hazimsaidii asiyepita mlangoni. Inabaki Bulgaria, ambayo iliingia kikamilifu kwenye Schengen, eneo la nchi zisizokaguana pasipoti mipakani, tarehe 1 Januari 2025 na kuanza kutumia euro tarehe 1 Januari 2026. Kodi ya mapato huko ni asilimia 10 kwa kila mtu, na mstaafu ana njia yake: viza ya aina D, yaani ya kukaa muda mrefu, kwanza, kisha kibali cha mwaka mmoja mmoja. Tutarudi kwayo mwishoni.

Njia ya kwanza tuliyoifikiria ya kuziba pengo la euro 70 ni kuifanya akiba izae. Sabini kwa mwezi ni 840 kwa mwaka. Vyeti vya akiba vya serikali ya Ureno, Certificados de Aforro, ambavyo hununuliwa posta ukiwa na namba ya mlipakodi, vina riba ya msingi isiyozidi asilimia 2.5. Ili kupata 840 kwa riba hiyo unahitaji euro 33,600, tena kabla ya kukatwa kodi ya asilimia 28 ya riba, ambayo hukatwa palepale. Ukitaka 840 safi ni zaidi ya 46,000. Akiba yote haifiki. Na haiko huru yote: kwa kawaida mwombaji anatakiwa kuonyesha kipimo cha miezi 12 kikiwa kimekaa kwenye akaunti ya benki ya Ureno, ambacho kwa wawili ni 16,560. Zinabaki 25,440 za kufanyia kila kitu kingine.

Hicho kila kitu kingine kinaanza na nyumba, na hapa ndipo pagumu kuliko wengi wanavyodhani. Viza inataka uthibitisho wa makazi kabla haijatolewa, na hati inayokubalika bila ubishi ni mkataba wa upangaji wa miezi 12 uliosajiliwa kwenye mamlaka ya kodi, Finanças. Maana yake unalipia nyumba ambayo hujaruhusiwa kuiishi. Sheria inaipa serikali siku 60 kuamua maombi ya viza ya ukaazi, lakini siku hizo hazianzi unaposaini mkataba, na miadi ya kuwasilisha karatasi nayo ina foleni yake. Tumeweka bajeti ya pango la euro 550. Ikikaa tupu miezi minne, ni 2,200 zimekwenda na hata chai hatujachemsha humo.

Kujitoa kwenye mkataba kunawezekana, ila kwa masharti. Mkataba wa mwaka mmoja, mpangaji anaruhusiwa kuuvunja baada ya theluthi moja ya muda kupita, na lazima atoe notisi ya siku 120. Miezi minne ukijumlisha na minne mingine ni minane: viza ikikataliwa mwezi wa pili, bado unadaiwa hadi wa nane, usipopatana na mwenye nyumba. Kwa 550 hiyo ni 4,400. Tumeona watu wakishauri kuandika kifungu kinachosema mkataba unakufa viza ikikataliwa. Ushauri mzuri, lakini mwenye nyumba mwenye wapangaji watano mlangoni hana sababu ya kukubali.

Kuna mengine ya kuangalia kwenye mkataba huo. Malipo ya mbele kisheria hayazidi miezi miwili, na amana haizidi miwili. Mgeni asiye na mdhamini mwenye kipato Ureno huombwa miezi sita au kumi na miwili, na wengi hulipa kimyakimya. Usajili ni kazi ya mwenye nyumba, na ushuru wake wa stempu ni asilimia 10 ya pango la mwezi mmoja. Akisita kusajili, mara nyingi anaikwepa kodi ya mapato ya pango, na karatasi yake haitakufaa ubalozini. Kwenye tangazo, T1 ni chumba kimoja cha kulala na sebule, T2 ni vyumba viwili.

Mji tunaofikiria ni Covilhã, chini ya mlima Serra da Estrela, au Castelo Branco kusini yake. Zote ziko kwenye reli ya Beira Baixa, yenye treni zinazoshuka hadi Lisbon, na mwenye miaka 65 au zaidi hulipa nusu nauli kwenye treni za shirika la CP. Covilhã ina hospitali na chuo kikuu chenye kitivo cha udaktari. Pango ni la chini kuliko Lisbon, Porto au Algarve. Ila baridi! Mtu anayeijua Ureno kwa picha za pwani haamini kwamba nyumba nyingi za bara hazina mfumo wa kupasha joto, na kwamba Januari ndani kunaweza kuwa na baridi kuliko nje penye jua. Ukuta wa mawe usio na kinga ya joto unavuta unyevu, nyuma ya kabati kunaota ukungu, na mwenye pumu anaumia. Kila nyumba inayopangishwa inatakiwa kuwa na cheti cha matumizi ya nishati, kuanzia A+ hadi F. Sisi tumeweka mstari kwenye C, madirisha ya vioo viwili, na jiko la kuni au la pelleti (vipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa) lenye bomba linalotoka nje. Uliza pia nguvu ya umeme iliyomo kwenye mkataba wa umeme. Nyumba ndogo nyingi ziko kwenye kVA 3.45 (kVA ndicho kipimo cha nguvu hiyo), ukiwasha kipasha joto, oveni na birika pamoja, swichi kuu inakatika. Kupanda hadi 6.9 kunaondoa tatizo lakini kunaongeza ada ya kila siku, hata usipowasha kitu.

Karatasi zenyewe hazina mizungu mingi isipokuwa mpangilio wa tarehe. Namba ya mlipakodi, NIF, inatangulia, kwa sababu bila hiyo hakuna akaunti wala mkataba. Bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 haina shida. Hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu ndiyo inayoharibika haraka: ukiichukua mapema mno, inazeeka wakati bado unatafuta nyumba. Kwa hiyo nyumba kwanza, polisi baadaye, muhuri wa apostile, unaoifanya hati ikubalike nje ya nchi iliyoitoa, na tafsiri mwisho kabisa. Anayetoka nchi isiyo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961, ulioanzisha muhuri huo, anapita njia ndefu ya ubalozi kuhalalisha kila hati, basi aongeze wiki. Viza ikitoka ni ya miezi minne na inaruhusu kuingia mara mbili. Ndani ya muda huo unakwenda AIMA, idara ya uhamiaji iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, SEF, tangu Oktoba 2023, kupiga alama za vidole na kuomba kadi.

Kodi ya mapato, kwa kipato kama chetu, haitutishi. Ile nafuu ya zamani ya NHR, iliyotoza pensheni za nje asilimia 10, ilifungwa kwa wageni wapya kuanzia 2024, na wengi wakasema basi Ureno imekwisha. Imekwisha kwa wenye pensheni nene. Sisi, kila mmoja anapunguziwa zaidi ya euro 4,000 kwa mwaka kabla ya kutozwa, tukijaza fomu pamoja kinachobaki kinagawanywa kwa wawili, na daraja la kwanza sasa ni asilimia 12.5. Tumepiga na kupiga, haifiki euro 1,200 kwa mwaka kwa wote wawili, kabla ya punguzo la risiti za matibabu na matumizi ya nyumbani. Fomu inajazwa kati ya Aprili na mwisho wa Juni, na pensheni ya nje pamoja na akaunti za benki za nje zinaandikwa kwenye kiambatisho J. Anayepata pensheni ya utumishi wa serikali asome mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili, maana mingi inaiacha pensheni hiyo itozwe na nchi inayoilipa.

Matibabu tunayaogopa kidogo zaidi. Mkaazi mwenye kibali anajiandikisha kituo cha afya na kupewa namba ya mgonjwa ya SNS, huduma ya afya ya taifa, na ada ndogo za kumwona daktari zilifutwa karibu zote mwaka 2022. Tatizo ni kwamba kujiandikisha hakukupi daktari wa familia. Watu zaidi ya milioni moja nchini hawana. Bima binafsi kwa umri wetu huja na muda wa kusubiri na huacha nje maradhi uliyokuja nayo, kwa hiyo wa presha hulipia bima isiyomtibu presha. Ukiwa na namba ya SNS na dawa ya kila siku, unaweza kuhuishiwa cheti cha dawa kituoni hata bila daktari wako mwenyewe, na simu ya 808 24 24 24 inakuelekeza pa kwenda kabla ya kukimbilia hospitali.

Basi tuko hapa. Tukiomba sasa, tunapita, na tunaingia kwenye uhuishaji wa 2028 au 2029 tukiwa na pungufu ya euro 70 au zaidi. Bulgaria haina kipimo kinachotubana hivyo, lakini kibali cha kila mwaka ni safari ya ofisini kila mwaka, maandishi yake ni ya Kisirili, na asiye na ukaazi wa kudumu anabaki kwenye bima binafsi kwa miaka yote hiyo. Kwa watu wa umri wetu hilo la mwisho ni zito kuliko mengine yote.

Tunawauliza wanaoijua njia hii kwa kuipita wao au kwa kuwapitisha wengine. Wakati wa kuhuisha D7, je, maofisa wanakubali akiba iliyoko benki ya Ureno ijazie pensheni iliyopungua kidogo, na wanataka iwe ya miezi mingapi: 12 au 36? Je, ni afadhali kutenga zile 16,560 na kutozigusa hadi kadi ya pili itoke, hata kama maana yake ni kuishi nyumba ya daraja E bila jiko? Yupo aliyempata mwenye nyumba wa Covilhã, Fundão au Castelo Branco aliyekubali kifungu cha viza kwenye mkataba, na alimpa nini badala yake? Na kama mmoja wetu angepata kazi ndogo ya mkataba baada ya kadi ya kwanza, kwa kuwa kadi ya D7 inaruhusu kufanya kazi, mshahara wa saa chache kwa wiki ungehesabiwa pamoja na pensheni?

Miadi ya ubalozi tunaweza kuichukua mwezi ujao au kuiacha ipite. Tutashukuru jibu likitufikia kabla ya hapo.

Wenu,
Wastaafu wawili