Kabla hujatuletea kompyuta tuitoe Windows

Wiki chache zilizopita aliingia dukani mama mmoja wakili, laptopu kwapani. Tukamwamkia, tukamvutia kiti, kiti akakikataa. "Marahaba. Nimeambiwa hiki kidude kinapiga picha kila ninachofungua, kinazipeleka Marekani. Itoeni hiyo Windows, niwekeeni ile nyingine, ile ya bure." Alimaanisha Linux. Ndani ya laptopu hiyo mna mirathi ya watu, talaka, mashauri ya viwanja. Hofu ya namna hiyo si ya kuchekwa, na siku hizi tunaisikia kwa wengi: wenye zahanati, wahasibu, walimu wakuu. Ndiyo maana tumeona tuandike yale tuliyomwambia, maana kuyarudia kaunta kila siku kunachosha pande zote mbili.

Alichosikia kina mzizi wa kweli. Mei 2024 Microsoft ilitangaza huduma iitwayo Recall, ambayo hupiga picha ya skrini kila baada ya sekunde chache ili baadaye uweze kutafuta kitu ulichokiona juzi ukakisahau. Wataalamu wa usalama walipoonyesha jinsi kumbukumbu hizo zilivyokuwa rahisi kusomwa na mtu mwingine, kampuni ikarudi nyuma, ikazifungia vizuri zaidi, na ilipoitoa Aprili 2025 ikawa haifanyi kazi mpaka mwenye kompyuta aikubali. Picha zenyewe hukaa humo humo kwenye mashine. Na mashine inayoweza kuiendesha ni ile mpya inayouzwa kwa jina la Copilot+, yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isiyopungua GB 16 na chipu yake maalumu. Laptopu ya mama ilikuwa na chipu ya zamani ya Intel, Core i5 ya kizazi cha 6, na RAM GB 8. Hata ingetaka kumpiga picha isingeweza.

Tukaomba ruhusa tuichungulie, akatupa. Tuliyoyakuta humo ndiyo yaliyomfanya akae kwenye kiti.

Windows ilikuwa ya kukreki, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa. Aliyemuuzia hakumwambia, naye hakujua kwamba kuna kuuliza. Ili ile programu ya kukreki ifanye kazi, kinga ya virusi ilizimwa kwanza, kisha ikaachwa imezimwa. Fikiria: programu usiyoijua mwandishi wake, iliyopakuliwa kwenye tovuti iliyojaa matangazo ya kamari, imepewa mamlaka yote ndani ya kompyuta na mlinzi wa mlangoni kapewa likizo. Mtu anaiogopa kampuni iliyoko ng'ambo, kumbe funguo za nyumba anazo mtu asiyejulikana hata jina. Kwa maoni yetu hili ndilo tatizo kubwa la faragha kwa kompyuta nyingi za mtumba zinazopita mikononi mwetu, na ni sababu nzuri zaidi ya kuhama kuliko Recall.

Hiyo haina maana kwamba Windows halali haina lake. Matoleo ya Home na Pro hutuma kwa Microsoft taarifa za hali ya kompyuta. Zile za hiari unaweza kuzizima kwenye mipangilio. Zile zinazoitwa za lazima huzimi zote humo. Mwaka 2016 mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, iliionya Microsoft kuhusu kiasi cha taarifa Windows 10 ilichokuwa inakusanya; kampuni ikapunguza, na mwaka uliofuata onyo likafutwa. Kisha kuna suala la umri. Windows 10 iliachwa kupewa marekebisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Mtu binafsi anaweza kujiandikisha apate ya usalama mpaka Oktoba 13, 2026, ila lazima aingie kwa akaunti ya Microsoft, jambo ambalo mteja anayekimbia kufuatiliwa halitaki. Windows 11 nayo kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Laptopu ya kizazi cha 6, iliyo nzima kabisa, imeambiwa ikae pembeni.

Hapo ndipo Linux inapoingia. Kiini chake alikianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na tangu hapo maelfu ya watu na makampuni wanakichangia. Ni mfumo huria, yaani maandishi yote yaliyoutengeneza yako wazi, anayejua kusoma asome. Ni kama pilau ya shughuli: sufuria iko uani, majirani wanaona kinachotiwa. Si kwamba haiwezekani kutia sumu. Mwaka 2024 mtu aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili aliingiza mlango wa siri kwenye XZ, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika ndani ya Linux. Andres Freund, mhandisi, alishangaa kwa nini kuingia kwenye mashine zake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia mpaka akaugundua, kabla haujafika kwenye matoleo yanayotumiwa na watu wengi. Na huyo Freund ni mwajiriwa wa Microsoft. Mambo haya hayana timu Simba na Yanga kama watu wanavyodhani.

Linux ina matoleo mengi; sisi tunaweka Linux Mint. Imejengwa juu ya Ubuntu, toleo jingine la Linux, na tumeichagua kwa sababu mbili. Haidai akaunti wala barua pepe ili uitumie, wala haitumi ripoti za matumizi yako. Na menyu yake iko chini kushoto, kwa hiyo aliyezoea Windows hapotei. RAM ya GB 4 inaitosha. Ubuntu yenyewe si mbaya, ila mwaka 2012 iliwahi kuchanganya matokeo ya Amazon kwenye utafutaji wa ndani ya kompyuta, watu wakalalamika, baadaye ikaacha. Huria si sawa na utakatifu.

Barua na majedwali utayaandika kwenye LibreOffice. Wanaodhani haya ni mageni kwetu wakumbuke kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Mababu wa LibreOffice hao.

Sasa yale ambayo kubadili mfumo hakutayagusa. Ukiingia Google kwa akaunti yako, Google inakujua vilevile. Facebook vilevile. Kikundi cha WhatsApp ulichotumia hati ya mteja kina watu walewale. Na laptopu ikiibwa kwenye daladala, Linux isiyofungwa inasomeka na yeyote mwenye flashi. Kwa hiyo tunapoweka Mint tunaifunga diski yote kwa nywila tangu mwanzo, hasa kwa anayeshika taarifa za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakutaka uzilinde, na "fundi hakuniambia" sidhani kama itakusaidia sana. Nywila hiyo unaichagua wewe, unaiandika wewe, sisi tunageuza uso. Ukiisahau hatuna ujanja wowote, kwa hiyo usije ukalia hapa.

Kuna wateja tunaowarudisha. Tulijifunza kwa aibu. Mwanzoni, tukiwa na moto wa dini mpya, tulimbadilishia kila kitu muuza vifaa vya ujenzi bila kumuuliza hesabu zake anaziandikia wapi. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kabla hatujafungua: programu yake ya mahesabu ni ya Windows tu, na wateja wanasubiri ankara. Tulimrudishia mfumo wake siku hiyo hiyo bila kumtoza, na mafaili yalikuwa salama kwa sababu tulikuwa tumeyanakili. Tangu siku hiyo maswali huja kabla ya bisibisi. Ukitumia programu za mahesabu za Tally au QuickBooks ya kwenye kompyuta, au Photoshop ya kuhariri picha, baki na Windows, lakini iwe halali, na tutakusaidia kuzima kinachozimika. Ukiwa na jedwali la Excel lenye makro nyingi (amri zinazojiendesha zenyewe), lilete tulijaribu kwanza. Kazi za kwenye kivinjari, kama barua pepe, benki au ritani za TRA, hazina taabu. Printa za HP na Epson kwa kawaida hukubali. Canon za leza za zamani hutuumiza kichwa, tuletee modeli yake kabla hujaamua.

Mama wakili hakubadilishiwa siku ile. Tuliwasha Mint kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yake, akafungua hati zake tatu, akachapisha moja, akaingia kwenye barua pepe. Akaondoka, akarudi Alhamisi, tukambadilishia. Lalamiko lake moja lilikuwa kwamba mwandiko wa Times New Roman haumo. Mbadala uliokuja na mfumo una upana uleule wa herufi, lakini mahakamani hataki mbadala, kwa hiyo tukamwekea yenyewe. Diski ngumu ya nje yenye nakala za mafaili yake ya zamani tulimkabidhi mkononi, hatukubaki na kitu.

Ukija, njoo na chaja, diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, na karatasi uliyoorodhesha programu unazofungua kwa wiki nzima, hata ile ya kuchezea karata. Majaribio ya flashi ni bure. Kazi yenyewe huchukua nusu siku, muda mwingi ukiishia kwenye kunakili mafaili. Jumapili hatufungui.